Upana wa Godoro

Kwenye kibao cha mlangoni iliandikwa "Mthibitishaji wa Hati", lakini hakuna aliyewahi kumwita hivyo, hata marehemu mkewe. Mtaa mzima ulimwita Mzee Muhuri. Jina hilo lilimganda tangu nywele zake zikiwa nyeusi, naye akalipokea bila ubishi, maana lingeweza kuwa baya zaidi. Jirani yake wa korido, mama mmoja wa kazi hiyohiyo, aliambulia kuitwa Bi Koma, kwa kuwa aliwahi kumrudisha mteja mara nne kwa ajili ya koma moja.

Ofisi ya Mzee Muhuri ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Kulikuwa na meza, viti vitatu, kabati la chuma ambalo mlango wake uligoma kufunga, na madaftari thelathini na manne, moja kwa kila mwaka wa kazi. Watu walifika pale makubaliano yao yakiwa bado moto mdomoni, wamekwisha kushikana mikono, wanataka kuandikiwa tu wakaendelee na shughuli zao. Mzee aliwaketisha, akawasikiliza, akaandika kifungu kimoja, akakisoma kwa sauti, kisha akamtazama mtu juu ya miwani na kumuuliza, "Na ukifa?"

Wengi walinuna. Mtu amekuja kupangisha banda la kuchomelea vyuma, mzima wa afya, anaulizwa habari za kaburi. Bwana mmoja alisimama na kusema kwamba hakuja pale kutabiriwa. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Walio mezani wana midomo, watajisemea. Ambao hawajafika hawana msemaji: yule atakayenunua baadaye, yule atakayerithi, mtoto ambaye hata mama yake hajaolewa. Hao wote mwandishi wa hati lazima awawekee kiti, na Mzee Muhuri aliwawekea kwa sentensi moja ndefu mwishoni mwa kila hati, iliyosema kwamba makubaliano hayo yatawafunga wao, warithi wao, na kila atakayemiliki baada yao. Sentensi hiyo aliiita mkia.

Na hapa lazima ukweli usemwe, hata kama tunampenda mzee wa watu. Mkia ulimzoea, naye akauzoea kupita kiasi. Aliwahi kuandika hati ya kuazimana cherehani kwa wiki mbili, na cherehani ile ikawafunga warithi na kizazi chao chote. Mafundi cherehani walicheka mwezi mzima. Mzee alisema ni heri mkia uzidi kuliko upungue, akaendelea kuuandika.

Mwaka wa thelathini na nne, magoti yalipoanza kugombana na ngazi, binti yake wa pekee akaamua yaishe. Huyu binti ni mfamasia, mtu wa kuhesabu vidonge, hapendi jambo lining'inie. Alikuwa amenunua nyumba miaka miwili nyuma, nyumba ya mbele yenye njia pana pembeni, mitaa mitatu kutoka ofisini kwa baba yake.

"Baba, hukai tena peke yako," alisema. "Nakujengea chumba pale pembeni. Choo ndani, mlango karibu na jiko langu, ngazi hata moja hakuna."

Mzee alijifanya kusita, kwa heshima tu. Moyoni alifurahi hata akaanza kugawa masufuria. Tangu mkewe afariki alikuwa akila mkate amesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulimuumiza.

Fundi mwashi alikuja Jumatatu asubuhi, akapigilia vigingi na kuvuta kamba. Kigingi cha nne hakijaingia, akatokea mama wa nyumba ya nyuma, mtengeneza magodoro, nyuzi za sufi zimemjaa mikononi hadi kwenye nyusi. Alishika karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Hakugomba. Alimpa binti ile karatasi, akasema, "Soma, mwanangu, halafu tuzungumze," akarudi kazini kwake.

Saa sita mchana binti alikuwa ofisini, na karatasi iko mezani.

"Muhuri huu wa nani?" aliuliza.

Mzee Muhuri alivaa miwani. Muhuri ulikuwa wake. Sahihi ilikuwa yake pia, ile ya ujanani yenye mkunjo wa majivuno chini. Hati ilikuwa ya miaka ishirini na saba nyuma, kati ya mwenye nyumba ya mbele na fundi magodoro wa nyumba ya nyuma. Ilisema fundi atapita pembeni wakati wowote, na kwamba njia hiyo haitapungua upana wa godoro la watu wawili likiwa limelazwa, na mtu mmoja kila upande. Na chini kabisa, mkia, mzima na nywele zake.

"Mwenye nyumba wa kwanza aliuza," alisema binti. "Wa pili akaniuzia mimi. Kwa hiyo mimi ndiye huyo 'kila atakayemiliki baada yao'. Umenifunga nikiwa darasa la pili, Baba."

"Naona."

"Si nilikuletea karatasi zote za nyumba kabla sijanunua? Si ulizipitia?"

Alizipitia. Siku ile aliikumbuka vizuri mno, na hapo ndipo aibu ilipomshika shingoni. Karatasi zilikuwa kumi na tatu. Kumi na mbili alizisoma kwa kidole, neno kwa neno, akitafuta mitego ya waandishi wengine. Alipofika ya kumi na tatu aliona muhuri wake mwenyewe, akasema, "Hii yangu, iko sawa," akaigeuza. Mganga hajigangi, ndivyo wanavyosema. Huyu wetu hakujiganga, na akaugua mwanawe.

Binti hakumlaumu sana. Alikuwa amekwisha kumpigia simu wakili, na wakili alimwonyesha pa kupenyea. Fundi magodoro, mume wa yule mama, alifariki miaka sita nyuma. Kama mwandishi wa hati ataapa kwamba mkia haukuwa maneno ya wenyewe, ila mazoea ya ofisi tu, basi mkia unaweza kukatwa. Mkia ukikatwa, ruhusa ya kupita imekwenda na marehemu, na chumba kinajengwa.

"Kiapo cha sentensi moja, Baba. Na si uongo. Cherehani uliifunga, mtaa mzima unajua."

"Nipe siku tatu," alisema Mzee Muhuri.

Binti alipoondoka alifungua kabati, akatoa daftari la mwaka ule, akapuliza vumbi. Alikuwa na utaratibu wake: kila hati aliiandikia mistari miwili mitatu ya kumbukumbu, nani alisema nini. Alitegemea daftari kama wengine wanavyotegemea mke mwenye kumbukumbu nzuri. Akapata ukurasa. Ulisema: "Njia ya pembeni. Godoro, lilazwe. Mkia kama kawaida."

Aliusoma mara tatu. Kama kawaida. Kawaida ipi? Kwamba aliwauliza kama kawaida, nao wakakubali kama kawaida? Au kwamba hakuuliza, akaubandika tu, kama alivyoubandika kwenye cherehani? Akafunua kurasa za nyuma na za mbele. Kama kawaida, kama kawaida, kama kawaida. Mwandiko ulikuwa wake na haukumwambia kitu. Alikaa mpaka chai ikapoa, akijaribu kuuona uso wa yule fundi. Uso ulikuja, wenye masharubu, lakini hakuweza kusema kama ni wa fundi magodoro au wa fundi bomba wa mwaka uliofuata. Watu maelfu walikuwa wamekaa kwenye viti vile vitatu, na sasa wote walikuwa na masharubu yaleyale.

Kesho yake alikwenda kwa yule mama wa magodoro. Alipita kwenye njia yenyewe, akiruka kamba za fundi mwashi, na kila hatua alijisikia kama mwizi aliyerudi kutazama alichoiba, ingawa hakujua ameiba nini, wala kwa nani.

Nyumba ya nyuma ilikuwa vyumba viwili na ua. Uani mama alikuwa ameketi chini, godoro limelala mbele yake, anapitisha sindano ndefu kama mkono. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa akichambua sufi pembeni.

"Karibu, mzee," alisema. "Nilijua utakuja. Nimeuona ule muhuri."

"Mama, sikuja kugombana."

"Nani atagombana na wewe na hayo magoti? Kaa hapo."

Alikaa juu ya gunia la sufi, akazama kidogo. Aliuliza kama hakuna njia nyingine ya kutokea. Mama alimwonyesha kwa sindano. Nyuma kulikuwa na ukuta wa shule, kushoto ukuta wa ghala, na kati yake upenyo ambao mtu hupita kwa ubavu, tena awe hajala. Godoro lisingepita hapo. Kulisimamisha halisimamishwi likiwa jipya, sufi huteremka yote miguuni, mnunuzi akalalia kitambaa kitupu.

"Ndiyo maana mume wangu alisema liandikwe limelazwa," alisema. "Alikusumbua sana siku ile kwa neno hilo."

"Mama, ulikuwepo?"

"Nilikaa kiti cha dirishani, mtoto mgongoni."

Mzee Muhuri aliinuka kidogo juu ya gunia. "Niliuliza habari za watakaofuata? Niliuliza, 'Na ukifa?'"

Mama aliacha kushona. Alifikiri, akiitazama ncha ya sindano.

"Ulimuuliza kitu mume wangu," alisema hatimaye. "Akakujibu, mkacheka. Mwenye nyumba naye akacheka. Mimi mtoto alikuwa analia, sikusikia."

"Hukumuuliza baadaye?"

"Mke gani anamuuliza mumewe alichochekea ofisini?" Akachomeka sindano kwenye kitambaa. "Ningetaka kukudanganya ningesema nilisikia. Si ingekuwa faida yangu? Lakini sikusikia, mzee."

Aliaga akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Angetamani yule mama awe mkorofi. Angetamani adanganye kidogo, upande wowote, ili mtu apate pa kuegemea. Njiani alisema peke yake, "Walicheka, walicheka nini?" hadi muuza magazeti akamuuliza kama anahitaji msaada.

Siku ya tatu binti alikuja jioni, bado na koti la dukani. Alikuwa na kiapo kimechapwa tayari, kinangoja sahihi tu.

Mzee alikisoma chote, safari hii hata tarehe. Kisha akavua miwani. "Siwezi, mama," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita tangu mdogo, kwa kuwa binti alipewa jina la bibi yake, mama wa mzee. "Naweza kuapa kwamba sikumbuki. Siwezi kuapa kwamba hawakusema."

"Lakini hukumbuki."

"Sikumbuki."

"Basi huwezi kuapa pia kwamba walisema."

"Siwezi."

"Sasa Baba, hukumbuki huku, hukumbuki kule, kwa nini asiyekumbukwa awe mimi?" Sauti yake ilikatika. "Mimi nataka ukae na mimi. Nimekuona ukila umesimama. Unadhani sijui?"

Mzee alikisukuma kiapo pembeni. Alimpenda huyu mtoto kuliko macho yake, na alikitaka kile chumba. Alijiuliza kama kweli anasimamia haki, au anaogopa tu kwamba akiapa kwa hati moja, watu watarudi na nyingine zote na kuuliza ipi ilikuwa maneno yao na ipi mazoea yake. Madaftari thelathini na manne, na ndani yake kama kawaida tupu. Huenda hata hayo yote si kweli. Huenda aliogopa kuwa mzee anayeletewa uji chumbani. Aligeuza sababu zake huku na huku na hakuijua iliyo ya juu.

"Sijui, mama," alisema. "Hata sijui kama ni ukweli unaonizuia au ni woga. Najua tu kwamba mkono haushiki kalamu."

Binti alikichukua kiapo, akakikunja mara mbili, akaondoka bila kuaga. Usiku ule mzee hakula hata huo mkate.

Siku mbili zikapita bila simu. Siku ya tatu alipigiwa na kuambiwa aje. Alipofika aliona kitu ambacho hakuna sheria iliyomfundisha. Njiani palikuwa na godoro la watu wawili, limelazwa juu ya mikono ya watu wawili: binti yake upande huu, mama wa magodoro upande ule. Fundi mwashi alikuwa amechuchumaa na chaki, anachora mstari nyuma ya visigino vya binti, mahali ukuta utakapoishia.

"Usisogee, mwanangu," mama alikuwa akisema. "Ukibana tumbo unaniibia."

"Sijabana, mama, ndivyo nilivyo."

Waliposhusha godoro, fundi mwashi alipima kilichobaki kati ya chaki na ukuta wa nyumba. Ilikuwa hatua tatu kasoro kwa hatua sita. Kitanda kingeingia, na kiti, na mtu mwenye subira. Na mlango usingeweza tena kufunguka karibu na jiko, ungetazama njia.

"Ni droo," alisema binti, hamtazami baba yake. "Nitakuweka kwenye droo."

"Nimekaa na droo maisha yangu yote," alisema mzee. "Hazijanidhuru."

Hapo ndipo binti alipocheka, kidogo, kwa kulazimishwa, na mzee akajua kwamba amesamehewa nusu.

Lakini mama wa magodoro alitaka karatasi. Mlango mpya utafunguka kwenye njia, mzee ataingia na kutoka, na leo wanapendana, kesho je? Alikuwa na haki. Na karatasi hiyo Mzee Muhuri hakuweza kuiandika, maana mtu anayenufaika na hati hawezi kuipigia muhuri. Wakaenda ofisini, wakavuka korido hadi kwa Bi Koma.

Katika miaka yote ile ya ujirani, Mzee Muhuri hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mteja. Kilikuwa kifupi kuliko alivyodhania. Binti alikaa kulia kwake, mama wa magodoro dirishani. Bi Koma alimwamkia, "Shikamoo mzee wangu," akaitikiwa, kisha akaanza kuandika na kusoma, kifungu baada ya kifungu. Mzee alijua kila neno kabla halijatamkwa, na bado yalimpita masikioni kama maneno ya daktari. Alijikuta akiitikia tu, ndiyo, ndiyo, sawa, kama walivyokuwa wakiitikia wateja wake. Wazo hilo likamtisha.

Bi Koma alifika mwisho. Aliinua uso, akamtazama juu ya miwani.

"Na ukifa, mzee wangu?"

Swali lilikuwa la kwake mwenyewe. Lilikuwa limepenya ukuta wa korido miaka yote ile, na Bi Koma alikuwa amelichukua bila kuomba. Mzee alilijua jibu la ofisini. Hakulipata. Kwa muda alitazama huku na huku, kana kwamba anayeulizwa ameketi mahali pengine.

"Rudia," alisema.

"Na ukifa? Njia itakuwaje?"

Alikiona kile chumba. Hatua tatu kasoro kwa sita, kitanda, kiti, na mlango mmoja tu, unaotazama njia.

"Si nitapita humo humo," alisema. "Mtanitolea wapi, dirishani?"

Bi Koma alicheka. Mzee naye alicheka, akashangaa kucheka. Binti hakucheka. Walipogeuka upande wa dirisha walimkuta mama wa magodoro amejishika kifuani.

"Ndivyo alivyosema," alisema.

"Nani?"

"Mume wangu. Siku ile. Ndivyo alivyokujibu, hata dirisha alilitaja vilevile." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Na kweli tulimtoa humo humo. Watu watatu huku, watatu huku."

Mzee Muhuri alimtazama. Hakujua kama amelikumbuka neno la marehemu, au limemjia lenyewe kwa kuwa kila mwenye mlango mmoja angesema hivyohivyo. Wala hakujua kama yule mama alilisikia miaka ishirini na saba nyuma, au analisikia leo kwa mara ya kwanza na kumpa mumewe. Alitaka kumuuliza. Alifungua mdomo, kisha akaona kwamba binti yake amemshika mkono wa shati na kuukaza kama mtoto anayevushwa barabara.

"Andika," binti alimwambia Bi Koma. "Yeye, na mimi, na warithi wetu, na kila atakayemiliki baada yetu. Usiache hata neno."

Bi Koma akaandika, akaweka koma zake, kisha akaanza kuwasomea tena tangu mwanzo.